Kumpumzisha Mzee Si Kumtenga

Huku Moshono, mtoto mwema humwambia mzazi wake: "Pumzika, mama." Shamba, soko na vikao vya ukoo huchukuliwa na wengine. Kwa maoni yangu, heshima hiyo yaweza kudhuru. Misuli isiyotumika husinyaa. Mpweke hula kidogo, hutembea kidogo, na udhaifu huo humzidishia upweke. Wilayani Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa shughuli za kikundi za kuchangamsha akili ziliinua uwezo wa kufikiri wa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Basi mhudumu, ukishapima shinikizo la damu, uliza pia: "Bibi, wiki hii umezungumza na nani?" Nanyi watoto, mrudishieni mzee kazi aiwezayo na nafasi yake kikaoni.