Gita nililolifungia stoo Bungoma

Mwezi wa Desemba mwaka 2025, ulimwengu wa muziki ulimpoteza Steve Cropper, mpiga gita wa Marekani, aliyeaga dunia akiwa na umri wa miaka 84. Yamkini jina hilo ni geni kwa kijana wa leo. Hata hivyo, wazee wenzangu waliopitia shule za sekondari katika miaka ya 1960 na 1970 wanalifahamu gita lake, hata kama jina lake hawakulishika. Alikuwa mpiga gita wa kundi la Booker T. & the M.G.'s, na ndiye aliyeshirikiana na Otis Redding kuutunga wimbo "(Sittin' On) The Dock of the Bay". Hakuwa mtu wa mbwembwe. Alipiga sauti chache, kila moja mahali pake, kisha akamwachia mwimbaji uwanja.

Niliposoma tanzia zake, sikumkumbuka Cropper peke yake. Nilimkumbuka mjomba wangu.

Mnamo mwaka 1971 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na likizo zangu nilizimalizia Kitale kwa mjomba. Vijana wa mtaani walikuwa wamepagawa na soul. Suruali zilipanuka chini, nywele zikafugwa, na mwenye gramafoni na santuri za Otis Redding au Wilson Pickett alikuwa mfalme wetu. Nami nilikuwa miongoni mwao. Jioni moja mjomba alitukuta tukisikiliza, akasimama mlangoni akiwa na jembe begani, akatega sikio mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema: "Huyu wa gita ni fundi. Hana haraka. Anapiga kama Mukabi." Wenzangu waliangua kicheko. Nami nilicheka pamoja nao, na kicheko hicho kinaniuma hadi leo.

Mukabi ni nani? George Mukabi alitoka Kisa, katika eneo la Kakamega, na wimbo wake "Sengula Nakupenda" ulivuma sana miaka ya 1950 ilipokuwa ikiyoyoma. Alikuwa bingwa wa mtindo unaojulikana kama omutibo. Kidole gumba hushikilia nyuzi nzito na kuupeleka mdundo, ilhali kidole cha shahada hucheza na nyuzi nyembamba na kujibizana na sauti ya mwimbaji. Kando yake huketi mwenzake akiigonga na kuikwaruza chupa ya Fanta yenye mikunjo. Gita moja, chupa moja, na sauti ya binadamu: basi ngoma imekamilika. Ndani yake msikilizaji alitambua mapigo ya isukuti, ngoma ya Waluhya. Na jambo ambalo walimu wa Kiswahili hawana budi kulizingatia ni kwamba, ijapokuwa lugha ya mama ya Mukabi haikuwa Kiswahili, nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili. Aliuawa mwaka 1963, akiwa angali kijana wa makamo.

Mjomba alikuwa kibarua katika shamba la mahindi la mzungu nje ya mji wa Kitale. Jumamosi jioni, mbele ya nyumba za laini walimoishi vibarua, alilishika gita lake kavu, nami, mtoto wa miaka saba, nikapewa chupa na msumari. Walikuwako Wabukusu, Wakisa, Wateso na Waturkana, kila mmoja na lugha ya kwao, lakini wimbo uliwaweka wote katika Kiswahili. Hapo ndipo mimi nilipokijua Kiswahili, kabla sijalijua darasa. Habari za kifo cha Mukabi zilipofika Kitale, mjomba alizilegeza nyuzi za gita lake, akalitundika ukutani. Hakuligusa tena mpaka mahindi yakavunwa.

Ningependa kusema kwamba nilijifunza, lakini sivyo. Mwaka 1984, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya wilaya ya Bungoma, nilipita nje ya bweni usiku na kusikia mlio nilioutambua mara moja. Kidole gumba kilikuwa kikitembea vilevile kama cha mjomba. Niliingia, nikamkuta mvulana wa kidato cha pili na gita alilojitengenezea kwa debe la mafuta na waya za breki za baiskeli. Nilimnyang'anya. Nikamwambia kwamba wazazi hawakumleta shuleni kujifunza ulevi. "Mwalimu," alinijibu kwa adabu, "nilifundishwa na babu." Nililifungia gita stoo. Muhula uliofuata hakurudi. Wenzake walisema kwamba karo ilimshinda, na yawezekana ni kweli. Lakini mimi najua kwamba jambo la mwisho alilolipata shuleni mwetu ni kuambiwa kuwa urithi wa babu yake ni ulevi.

Msomaji ataniuliza: je, si kweli kwamba wapiga gita wengi waliishia katika dhiki na pombe? Ni kweli, wala siwezi kuwalaumu wazazi wanaoogopa. Ila tuitafute sababu. Jina la Cropper liliandikwa kando ya jina la Otis Redding kama mtunzi, na mtunzi aliyeandikishwa huendelea kuvuna kila wimbo unapouzwa. Wanamuziki wetu wengi wa zama za Mukabi walipewa malipo ya mkupuo mmoja, wakarudi nyumbani, na santuri zikaendelea kuuzwa bila wao. Hawakuangamizwa na gita. Waliponzwa na kutojua haki zao, na elimu ya haki hizo ni kazi ya shule. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Ni wanafunzi wangapi waliowahi kusomewa hata kifungu chake kimoja?

Mwezi wa Januari mwaka 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na mojawapo ya mikondo mitatu waliyowekewa ni ule wa Sanaa na Michezo. Tusiufanye mkondo huo kuwa jaa la kuwatupia walioshindwa na hesabu. Nawasihi walimu wenzangu wa Bungoma na Trans Nzoia: kabla ya kuagiza vitabu na ala kutoka mbali, mwulizeni mzee aliye jirani na shule yenu. Mwalikeni alete gita lake kavu na aeleze nyuzi zake zinavyofungwa. Nanyi wanafunzi, hizo simu za wazazi wenu zinazowashughulisha wakati wa likizo zina uwezo wa kurekodi. Mrekodini babu, yaandikeni maneno ya nyimbo zake, na mwaka mliorekodi msiusahau. Kila mzee azikwapo na nyimbo zake, maktaba imeteketea.

Wala simkatazi kijana kumpenda mwanamuziki wa ng'ambo. Mjomba hakuwa amesoma, lakini alisimama mlangoni akamsikiliza Mmarekani asiyemjua hadi mwisho, akamtambua kuwa ni fundi mwenzake. Sisi tuliosoma ndio tulioshindwa kumsikiliza yeye.

Mjomba alifariki mwaka 1979. Gita lake lililiwa na mchwa ukutani, na hakuna aliyewahi kumrekodi. Lile gita la debe nalo sikumbuki lilikoishia. Mwenyewe leo ni mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini. Iwapo mistari hii itamfikia, popote alipo, naomba anipokelee radhi yangu. Na ikiwa vidole vyake havijasahau, basi naomba amfundishe mjukuu.