Mchungaji Asikalie Kiti cha Hukumu

Wako watu wasemao ya kwamba mchungaji akipewa na serikali kiti cha hakimu, Kanisa limepata heshima. Mimi nasema limepata hasara, na ushahidi wangu ni habari za Australia, siku zile Waingereza walipoifanya kuwa nchi ya wafungwa.

Mwezi wa Januari 1788 merikebu 11 zilifika huko, zimechukua wafungwa mia saba na zaidi. Tangu mwaka ule hata 1868 walipelekwa watu kadiri ya 162,000, wanaume kwa wanawake. Walikuwamo wakatili, lakini wengi kosa lao lilikuwa wizi tu. Wakahukumiwa kukaa ugenini miaka 7, au 14, au maisha yao yote. Katika safari ile ya kwanza alikuwako kasisi mmoja, jina lake Richard Johnson. Tarehe 3 Februari 1788 akawahubiri chini ya mti, maana kanisa halikuwapo. Miaka ikapita, serikali isijenge. Ndipo mwaka 1793 alipojenga mwenyewe, kwa fedha yake, nyumba ya fito na udongo. Mwaka 1798 nyumba hiyo ikateketea, na wengi wakaamini imechomwa na watu waliochukizwa na amri ya kuwalazimisha kuhudhuria ibada.

Tufikiri neno hili. Mtu aliyepelekwa ibadani kwa hofu ya adhabu, je, aliona tofauti gani baina ya kanisa na gereza?

Mwaka 1794 alifika kasisi wa pili, Samuel Marsden, akakaa Parramatta. Haikupita miaka mingi, akafanywa hakimu. Basi Jumapili alisimama mimbarani akiwafundisha wafungwa rehema ya Mungu, na siku ya kazi aliketi barazani akiwahukumu wale wale kupigwa mijeledi. Mwaka 1800 ilivuma habari ya kwamba wafungwa wa Ireland wameficha mikuki ili waasi. Kijana mmoja, Paddy Galvin, akapigwa ili ataje mahali ilipo. Joseph Holt, aliyekuwapo, alisimulia baadaye ya kuwa kijana yule alipata mapigo 300, wala hakutaja neno. Marsden alikuwa miongoni mwa mahakimu wa shauri lile, naye alimwandikia Gavana kwamba aona mtu huyo atakufa kabla ya kufunua siri. Hebu niambieni, kijana kama huyo, akiugua usiku, atamwita kasisi gani aje kumwombea?

Tena mwaka 1807 Marsden alikuwa na eka karibu 3,000 na makundi ya kondoo. Mwaka 1810 Gavana Macquarie alimtaka aketi katika baraza la barabara pamoja na watu wawili waliokuwa wafungwa zamani, nao wamekwisha kuachiliwa. Akakataa. Sheria ya wanadamu imemwachilia mtu, na mhubiri wa msamaha akataa kuketi naye! Si ajabu wafungwa wakimwita kasisi wa mijeledi.

Wamteteao watasema, Nchi ilikuwa changa, wenye elimu walikuwa haba, na wafungwa walikuwa wagumu. Nani mwingine angalihukumu? Watasema pia ya kwamba Marsden ndiye aliyewahubiri Wamaori wa New Zealand sikukuu ya Kuzaliwa Bwana mwaka 1814. Ni kweli, wala sipendi kumnyima sifa yake. Lakini kwa Wamaori alikwenda kama mgeni, hana mamlaka ya kumpiga mtu; kwa wafungwa alikwenda na mamlaka hiyo. Ikiwa wenye elimu ni haba, hilo ni shauri la serikali. Hakimu mwingine aweza kupatikana. Lakini mchungaji akipoteza imani ya kundi lake, nani atairudisha?

Sasa mtazameni mwingine, ijapokuwa alikuwa padre wa Kanisa la Roma. Mwaka 1834 wafungwa wa kisiwa cha Norfolk waliasi, na wengi wakahukumiwa kufa. William Ullathorne akapelekwa kuwaandaa. Hakwenda kama hakimu. Hakuwa na kitu mkononi ila faraja. Akaingia seli baada ya seli akiwasomea majina ya watakaopona na ya watakaonyongwa. Walioambiwa watapona wakalia machozi. Walioambiwa watakufa, 13 kwa hesabu, wakapiga magoti wakamshukuru Mungu. Hata mauti ilikuwa nafuu kuliko kuishi kisiwani pale! Ullathorne hakuyafunika aliyoyaona. Aliandika, na mwaka 1838 akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Mwaka 1840 upelekaji wa wafungwa New South Wales ukakomeshwa. Sisemi ulikoma kwa ajili yake peke yake. Nasema aliweza kusema kwa sababu damu ile haikuwa juu ya mikono yake. Aliyeandika hukumu hawezi kuilalamikia.

Wasomaji wapenzi, jambo hili si la Australia tu, wala si la makasisi peke yao. Kila mwalimu na kila mzee wa kanisa hujaribiwa hivyo hivyo. Huanza kwa kuombwa amsaidie mkubwa katika mashauri. Mwisho watu humwogopa badala ya kumwendea. Mshika mbili, moja humponyoka. Na linaloponyoka kwanza ni lile lisilolipwa mshahara, yaani kuwahurumia wenye dhambi. Basi tukiwachagua wazee wetu, tusiulize, Nani anaogopwa? Tuulize, Mtu aliyeanguka akitaka kutubu, atabisha hodi kwa nani bila kutetemeka? Huyo ndiye mchungaji. Naye akiletewa kiti cha hukumu, na akatae kwa adabu, arudi kwa kundi lake.