Aliyeuawa Akageuzwa Mtuhumiwa

Septemba 2007, Liep Gony, kijana wa miaka 18 mwenye asili ya Sudan, alipigwa hadi akafa karibu na kituo cha treni cha Noble Park, pembezoni mwa Melbourne. Vyombo vya habari vya Australia vikashika mjadala wa magenge ya Waafrika. Waziri wa Uhamiaji wa wakati huo, Kevin Andrews, alitetea hatua ya kupunguza wakimbizi kutoka Afrika akidai baadhi yao wanashindwa kuzoea maisha ya nchi hiyo.

Waliotiwa hatiani kwa kifo cha Liep ni vijana wawili Wazungu.

Miaka kumi baadaye ngoma ikapigwa tena. Januari 2018 Peter Dutton, Waziri wa Mambo ya Ndani, alisema watu wa Melbourne wanaogopa kwenda mikahawani usiku kwa sababu ya magenge ya Waafrika. Uhalifu ulikuwepo, hakuna haja ya kuufunika: takwimu za jimbo la Victoria zilionyesha wazaliwa wa Sudan ni takriban asilimia 1 ya watuhumiwa, ilhali ni kama asilimia 0.1 tu ya wakazi. Lakini ile asilimia 99 iliyobaki hakuna aliyeitaja kwa bara lake.

Habari ya namna hii humkuta kijana sebuleni. Katika familia nyingi za wahamiaji, mtoto ndiye mkalimani: husoma barua za shule, huandamana na wazazi kwa daktari. Sasa mama anaona kwenye televisheni nyuso zinazofanana na za wanawe, anauliza, "Wanasema nini?" Kijana atafsiri yote, au aseme ni habari za hali ya hewa? Kesho yake anaingia dukani na wenzake watatu, mlinzi anaanza kuwafuata nyuma. Uchungu huo hana pa kuupeleka. Mzazi aliyenusurika vita haoni jinsi gazeti linavyoweza kumnyima mtu usingizi.

Mwaka huohuo wa 2018 vijana wenyewe walijibu kwa kejeli mtandaoni. Chini ya alama ya #AfricanGangs waliweka picha zao wakiwa na majoho ya mahafali, wakiwa kazini, wakiwa na familia zao. Hilo ndilo genge.

Wapo watakaomtaja mwanasoka Awer Mabil, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka 1995 na kufunga penalti dhidi ya Peru, Juni 2022, Australia ilipofuzu Kombe la Dunia. Heko kwake. Ila kijana wa kawaida anayefeli hesabu na kuchelewa basi hapaswi kusubiri penalti ndipo aonekane mtu.

Na mhariri wa Nairobi asiwacheke wa Melbourne. Aprili 2014 Wasomali kwa maelfu walikamatwa katika msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani, huku mtaa mzima wa Eastleigh ukisomwa kama eneo la ugaidi. Mhariri anapotaka kuandika "Msomali" au "mkimbizi" kwenye kichwa cha habari ya wizi, ajiulize kwanza: mwizi angekuwa wa Nyeri, kabila lake lingeandikwa hapo?