Mabehewa mawili, treni moja

Leo nataka tuzungumze kuhusu vitu vya kuchezea. Usiseme hayo ni ya watoto ukafungua ukurasa mwingine, kwani kisa chenyewe kilinifunza mimi mtu mzima.

Nyumbani kwangu ni Changamwe, na mtoto wa Changamwe hukua akijua treni. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ilipita huku mara tu ilipotoka kisiwani. Babu zetu waliyaona yale magarimoshi makubwa ya Garratt ya aina ya 59, ambayo yalikuwa 34 na kila moja likiitwa kwa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Siku hizi treni ya abiria ya reli mpya, iliyoanza 2017, hukomea Miritini, lakini watoto wetu bado huchora mabehewa kwenye madaftari ya hesabu.

Likizo ya Agosti mpwa wangu alivuka feri kutoka Likoni akaja kukaa nasi. Alikuja na nguo chache na sanduku moja alilolikumbatia njia nzima. Ndani mlikuwa na behewa la mizigo la vitofali vya Lego, lenye magurudumu manane mazima. Babake, yaani shemeji yangu, yuko Uarabuni kikazi, mwaka wa pili sasa, na ndiye aliyemtumia.

Mwanangu naye alikuwa na behewa lake la abiria, ambalo mamake alilipata kwenye mitumba Kongowea. Kuta zilikuwepo, vitofali vingi vilikuwepo, ila gurudumu hata moja hapakuwa. Kwa hiyo, msomaji, mmoja alikuwa na magurudumu bila mwili wa maana, na mwenzake mwili bila magurudumu. Haikuchukua siku mbili mwanangu akatoa shauri: "Tuvunje lako, tuvunje langu, tupate behewa moja refu la kubeba kontena."

Mpwa wangu alikataa katakata. Nami, kwa haraka ya wazazi, nikamwambia asiwe mchoyo. Mtoto hakunijibu. Usiku nikamkuta macho, sanduku liko kando ya mto. Akaniambia, "Mjomba, baba alisema nisipoteze hata kipande kimoja. Likivunjwa, nitajuaje vyake ni vipi?"

Nilinyamaza. Kumbe nilichokiita uchoyo kilikuwa ni amana.

Asubuhi niliwachukua wote wawili tukaenda kutazama mabehewa ya mizigo. Nikawauliza wanaona nini ubavuni. Wakasema, "Nambari." Basi nikawaeleza kwamba behewa la reli hufungwa leo na hili, kesho na lile, likaenda mbali na wenzake, lakini halichanganyiki na jingine kwa kuwa lina nambari yake. Mpwa wangu akatafakari njia nzima. Tulipofika nyumbani akaomba daftari.

Kabla ya kuvunja chochote waliandika orodha: vitofali vya nani, rangi gani, vingapi. Wakapiga picha kwa simu kila hatua, ili atakayetaka kurudisha behewa la zamani aweze. Nawe mzazi, ukiwa na watoto wawili wenye seti mbili, anzia hapo. Mtoto akijua kwamba njia ya kurudi ipo, hataogopa kwenda.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Vitofali hivi vilitengenezwa na kampuni iliyoanzishwa na seremala mmoja wa Billund, Denmark, Ole Kirk Christiansen, mwaka wa 1932. Jina Lego limetokana na maneno ya Kidenmaki yenye maana ya "cheza vizuri". Mtindo wa tofali tunalolijua uliandikishwa tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo hushikana na la leo. Ndiyo maana seti ya mitumba inaweza kuoana na seti mpya kutoka Uarabuni. Vile vya kuiga navyo aghalabu huingiana, ila vingine hulegea, kwa hivyo usivitie mahali penye uzito.

Kwanza, vitofali vya mitumba vioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Maji ya moto sana huviharibu.

Pili, pimeni kabla ya kujenga. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, na mabehewa mengi ya Lego yana upana wa vinundu 6. Kontena ya kweli ya futi 20 ina urefu wa takriban mara mbili na nusu ya upana wake. Kwa hiyo kontena yenye upana wa vinundu 6 iwe na urefu wa vinundu 15, na ile ya futi 40 iwe na vinundu 30. Mwanangu ambaye huikimbia hesabu alipiga hesabu hiyo mwenyewe bila kulazimishwa.

Tatu, pale seti mbili zinapokutana ndipo penye udhaifu. Mtazame mwashi anavyojenga ukuta: haachi kiungo kikae juu ya kiungo. Nanyi vivyo hivyo, tofali la juu lipite katikati ya mawili ya chini. Behewa la kwanza la vijana wangu lilikatika vipande viwili lilipoinuliwa, kwa kuwa walisahau jambo hilo.

Nne, magurudumu ya mbele na ya nyuma yaweze kugeuka, kila kundi juu ya kitofali chake cha kuzungukia. Behewa refu lenye magurudumu yaliyokazwa hukwama kwenye kona. Vitu vizito viwekwe chini, lisije likapinduka. Na kama sumaku za kuungia mabehewa zinasukumana badala ya kuvutana, geuzeni moja.

Usiye na vitofali usihuzunike. Pakiti ya maziwa, viberiti, waya na vizibo vya soda vilijenga treni Changamwe na Kisauni kabla ya Lego kufika kwetu, na kanuni ni zile zile. Ila vipande vidogo viwekwe mbali na watoto wa chini ya miaka mitatu, wasije wakavimeza.

Behewa lilimalizika siku ya nne. Juu kontena ya mwanangu, chini magurudumu ya mpwa wangu. Ubavuni walibandika karatasi yenye nambari. Mwanangu aliandika siku aliyozaliwa. Mpwa wangu akaandika tarakimu nne, nami nikatambua kwamba ni siku na mwezi babake alipoondoka. Sikumuuliza.

Jioni picha ilitumwa Uarabuni. Baada ya muda simu ikalia. Shemeji akauliza, "Behewa langu liko wapi?" Nikaona mtoto anameza mate. Kisha akajibu, "Lile la chini, baba. Ndilo linalobeba lile la juu. Hakikupotea kitu, nimeandika vyote." Huko ng'ambo kukawa kimya kidogo, halafu nikasikia shemeji akimwomba amsomee orodha. Akamsomea yote, kipande kwa kipande, na yule akasikiliza hadi mwisho.

Likizo ilipokwisha nilidhani wataligawanya behewa kwa kufuata daftari. Mpwa wangu akaliacha kwetu bila kuvunjwa. Alichobeba kuvuka feri kurudi Likoni ni daftari peke yake, akasema Disemba atakuja kuhesabu.

Nawe msomaji, mtoto wako akikataa kutoa kitu chake, usiharakishe kumwita mchoyo. Muulize kwanza amepewa na nani, na aliambiwa nini.

Tukutane Jumapili ijayo, Inshallah.