Mwenye Nguvu Ndiye wa Kupisha

Kabla jua halijachomoza, barabara zinazoingia Dar es Salaam huwa zimekwisha kupata wasafiri wake wa kwanza. Kutoka upande wa Pugu na Kisarawe huja watu waliofunga magunia ya mkaa kwenye keria za baiskeli, mizigo imewapita vichwa. Wengine huingia mjini na madafu waliyoyapanga kwa ustadi pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Feri, wachuuzi wa samaki hufunga matenga yao na kuelekea mitaani kabla barafu haijayeyuka. Mtumishi wa ofisi anapoketi kunywa chai, watu hawa wamekwisha kusukuma pedali kwa muda mrefu, na huenda chai hiyo imechemshwa kwa mkaa walioupitisha wao.

Ifikapo saa moja asubuhi, hali hubadilika. Magari hujaa barabarani, na mpanda baiskeli husukumwa hadi ukingoni, pale lami inapomeguka na mchanga kuanza. Daladala humpita kwa kasi, kisha humkata ghafla upande wa kushoto ili iwahi kituoni. Lori linalotoka bandarini kwa Barabara ya Mandela humpita karibu kiasi kwamba upepo wake pekee unatosha kumyumbisha. Honi hulia nyuma yake, na mara nyingi honi hiyo haimwonyi, bali inamwamuru aondoke. Naye, kwa kukosa pa kwenda, hupanda njia ya waenda kwa miguu na kuwatia hofu akina mama na watoto wa shule.

Ndivyo ugomvi unavyozaliwa. Dereva hulalamika kwamba wapanda baiskeli hawajui sheria, hawana taa, hupita kinyume cha magari na kujitupa mbele ya gari bila kutoa ishara. Mpanda baiskeli naye hulalamika kwamba madereva wanamwona kama takataka iliyopeperushwa barabarani. Kila mmoja ana ushahidi wake, na kila mmoja humalizia kwa matusi. Juu ya matusi hayo husimama methali ambayo wengi huitumia kama sheria: mwenye nguvu mpishe.

Methali hiyo ni ya busara kwa mtu aliyekutana na tembo porini. Lakini barabara ya mji si pori. Ni mali ya umma, iliyojengwa kwa fedha ya umma, na matumizi yake yana sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuandikwa kwa ajili ya magari peke yake. Inamtambua pia mwenda kwa miguu na mpanda baiskeli, na inamtaka kila atumiaye barabara awe mwangalifu kwa mwenzake. Hakuna kifungu kinachosema kwamba haki ya kupita hukua kwa kadiri ya ukubwa wa injini.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kudharauliwa kwa baiskeli ni jambo geni katika nchi hii. Wapo watumishi wengi na walimu wengi wastaafu ambao mshahara wao wa kwanza ulinunua baiskeli. Kijijini, mwalimu alijulikana kwa mbali kwa mlio wa kengele yake. Mganga wa zahanati, bwana shamba na katibu kata walifika kwa wananchi kwa baiskeli, na mwenye chombo hicho alihesabiwa kuwa mtu aliyefanikiwa. Hadi leo, katika miji kama Shinyanga na Tabora, baiskeli hubeba abiria na mizigo, na watu hawaoni haya kuipanda. Hata neno bodaboda, ambalo sasa ni la pikipiki, lilianza na baiskeli zilizovusha watu na bidhaa katika mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia. Mwana aliyesomeshwa kwa mapato ya baiskeli hana sababu ya kuipigia honi ya dharau.

Yapo makosa ya wapanda baiskeli ambayo hayana utetezi. Anayeendesha usiku bila taa wala kiakisi mwanga anamnyima dereva nafasi ya kumwona. Anayekuja kinyume cha magari humkuta dereva ambaye macho yake yameelekea upande mwingine. Mzigo mpana unaozidi upana wa mikono hugeuza baiskeli kuwa ukuta unaotembea. Breki ya kusimamisha kwa ndala si breki. Makosa haya yakemewe bila haya, kwa sababu yanayagharimu maisha ya wenyewe na kumtia dereva asiye na hatia katika msiba asioutafuta.

Hata hivyo, kukosa kwa pande mbili si kulingana kwa pande mbili. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa na sheria katika maeneo ya makazi, hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Dereva akigutuka kwa sekunde moja tu kabla hajakanyaga breki, mita hizo 14 zimekwisha kupita, na gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Akienda kilomita 60 badala ya 30, nguvu ya mgongano haizidi mara mbili, bali mara nne. Dereva wa lori anayekata kona kushoto ana eneo la ubavuni ambalo vioo vyake havilioni kabisa, na ndipo mpanda baiskeli huwapo. Mpanda baiskeli akikosa, kwa kawaida yeye ndiye anayezikwa. Dereva akikosa, kwa kawaida ni yule yule mpanda baiskeli anayezikwa. Kwa hiyo wajibu hauwezi kugawanywa nusu kwa nusu. Aliyeshika chombo chenye uwezo wa kuua ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kujizuia.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Husemwa kwamba ajali haina kinga. Msemo huo humliwaza aliyefiwa, lakini haufai kuwa kanuni ya kazi kwa mhandisi, askari wala dereva. Ajali nyingi zina kinga, na kinga hiyo inajulikana.

Ushahidi mmoja watoka Uholanzi, nchi ambayo leo husifiwa kwa baiskeli zake kana kwamba ilizaliwa nazo. Haikuwa hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, miji ya huko ilipanua barabara kwa ajili ya magari na kuwasukuma wapanda baiskeli pembeni, kama inavyofanyika sasa katika miji mingi ya Afrika. Mwaka 1971 barabara za nchi hiyo ziliua watu zaidi ya 3,000, na miongoni mwao watoto zaidi ya 400. Wazazi waliingia mitaani na kudai mauaji ya watoto yakomeshwe. Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei, na kwa Jumapili kadhaa magari yakazuiwa kutembea. Hapo ndipo wakuu wa miji walipoanza kujenga njia za baiskeli na kupunguza mwendo katika mitaa ya makazi. Leo, magari yakiwa mengi kuliko wakati ule, vifo vya barabarani kwa mwaka viko chini ya 1,000. Zaidi ya hayo, sheria ya huko humtwisha mwenye gari dhima ya kulipa fidia agongapo mpanda baiskeli, isipokuwa athibitishe kwamba hakuwa na uwezo wowote wa kuepuka. Huko mwenye nguvu ndiye apishaye.

Dar es Salaam nayo haianzi katika patupu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, majaribio yalifanyika Temeke na Morogoro, sambamba na Nairobi na Eldoret huko Kenya, ya kutengeneza njia za waenda kwa miguu na baiskeli, vivuko vilivyoinuliwa na matuta ya kupunguza mwendo. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi, awamu yake ya kwanza ya kilomita zipatazo 21 ilikuja pamoja na njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro. Hilo lilikuwa jambo jema, na linastahili kusifiwa.

Lakini njia kujengwa ni jambo moja, na njia kupitika ni jambo jingine. Apitaye kando ya Barabara ya Morogoro mchana huona bodaboda zikikimbia katika njia ya baiskeli ili kukwepa foleni. Huona meza za biashara zimepangwa juu yake, na magari yameegeshwa kana kwamba pale ni uani kwa mtu. Hufika kwenye makutano akakuta njia imekwisha ghafla, pale pale ambapo hatari ni kubwa kuliko mahali pengine popote. Mpanda baiskeli aliyelindwa kwa kilomita nzima, kisha akaachwa peke yake katikati ya njia panda, hajalindwa. Na katika barabara nyingine nyingi za mji hakuna hata hicho kipande.

Wako wanaodai kwamba mwenye baiskeli halipii barabara, kwa kuwa hanunui mafuta na hivyo hachangii Mfuko wa Barabara. Hoja hiyo ni dhaifu. Mchuuzi wa samaki hulipa tozo ya mafuta katika kila nauli ya basi na katika bei ya kila bidhaa iliyofika dukani kwa lori. Baiskeli yake haimomonyoi lami, haimwagi moshi, wala haidai fedha za kigeni za kununulia petroli. Wengine husema kwamba baiskeli ni alama ya umaskini na itatoweka maendeleo yakifika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kama kila mtu mzima miongoni mwao angepata gari lake leo, hakuna hata mmoja angefika kazini. Baiskeli tano zaweza kuegeshwa kwa raha mahali panapokaliwa na gari moja. Huo ndio uchumi wa barabara, na kila aliyekwama katika foleni ya Ubungo ameusoma kwa jasho lake.

Kazi iliyopo haihitaji kusubiri mabilioni. Wahandisi na maofisa mipango wa halmashauri waone kwamba kila mchoro wa barabara ya mji una nafasi ya baiskeli, na kwamba nafasi hiyo haifi kwenye makutano. Njia zilizopo zisafishwe, na nguzo fupi zisimikwe kuzuia magari na pikipiki kuingia. Mwendo ushushwe hadi kilomita 30 kwa saa karibu na shule, masoko na mitaa ya makazi, kama Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilivyoshauri kwa mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Askari wa usalama barabarani wamkamate anayemkata mpanda baiskeli kwa juhudi ile ile wanayoitumia kukagua leseni. Anayetaka leseni ya udereva aulizwe, kabla hajaipata, ni nafasi kiasi gani anapaswa kumwachia mwenye baiskeli anapompita. Mita moja na nusu si zawadi kubwa.

Watumishi wa umma wana sehemu ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa magari mengi yanayoonekana barabarani ni ya ofisi zao. Dereva wa gari la umma anayemsukuma mwananchi mtaroni anafanya hivyo kwa mafuta aliyochangiwa na mwananchi huyo huyo. Wakuu wa idara wawaambie madereva wao hivyo kwa maneno yasiyo na kificho. Kuchelewa kikaoni kwa dakika tano hakujapata kuwa msiba.

Walimu nao wanashika upande mwingine wa kamba hiyo. Mtoto anayepanda baiskeli ya baba yake kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo huwa amejifunza kuendesha, lakini hajajifunza barabara. Somo la dakika chache uwanjani latosha kumfundisha kukaa kushoto, kutoa ishara kwa mkono, kuangalia nyuma kabla ya kukata kona na kutotoka usiku bila taa. Mtoto huyo huyo, akija kuwa dereva, atakumbuka jinsi lori linavyotisha likipita karibu na sikio.

Kesho alfajiri wachukuzi wa mkaa, madafu na samaki wataingia tena mjini. Hawataki kupewa barabara nzima. Wanataka ukingo ulio salama, taa ya dereva aliyewaona, na mguu wake juu ya breki. Mji unaokula kwa kazi yao hauna sababu ya kuwanyima.