Mafunzo kwa njia ya mtandao: cheti kisitangulie ujuzi

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, akamfundisha yale aliyokuwa hayajui. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaofuata nyayo zao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kata ya Nanyala katika wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, imekaa kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda mpakani Tunduma. Malori ya mizigo hupita hapo usiku na mchana, na pembezoni mwa barabara ziko familia zinazotegemea kilimo, biashara na kazi za ufundi. Mzazi wa hapo aliyetaka mtoto wake apate fani alikuwa na njia mbili: amweke kwa fundi, au amtafutie nauli na pango asome mjini. Leo iko njia ya tatu, nayo imo ndani ya simu ya kijana huyo. Swali linalozikabili familia zetu ni hili: njia hii inamfikisha mwanafunzi kwenye ujuzi, au inamfikisha kwenye cheti tu?

Kujifunza ukiwa mbali na mwalimu si jambo geni nchini mwetu. Wazee wanakumbuka masomo kwa njia ya posta, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu asome bila kuacha kazi wala familia. Shule zilipofungwa mwezi Machi mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, watoto walifuata masomo kwa redio na televisheni, na wenye uwezo wakasoma kwa intaneti. Tangu hapo watu wengi zaidi wameiona simu kuwa chombo cha masomo.

Mabadiliko makubwa zaidi yamo katika mafunzo ya watu waliokwisha kuajiriwa. Zamani mfanyakazi aliitwa semina ya siku kadhaa, akasikiliza, akapewa posho na kurudi kazini akiwa na daftari ambalo huenda asilifungue tena. Sasa mwelekeo ni kuyagawa mafunzo katika sehemu fupi fupi, kuyafikisha mahali pa kazi, na kuchanganya masomo ya mtandaoni na mazoezi ya ana kwa ana. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, ni mfano mzuri. Walimu hukutana shuleni kwao na katika vituo vya walimu, wakajadili somo linalowatatiza, na Taasisi ya Elimu Tanzania huwawekea moduli katika mfumo wa kujifunzia wa mtandaoni. Kwa upande wa ufundi, mwaka 2016 VETA kwa kushirikiana na kampuni ya simu ya Airtel ilianzisha mpango wa VSOMO. Mwanafunzi alisoma nadharia kwa simu, kisha akatakiwa kwenda kwenye kituo cha VETA kufanya vitendo kabla ya kupewa cheti.

Hapa ndipo penye fundisho. Waliobuni mpango huo walitambua kwamba simu inaweza kumweleza kijana namna ya kuunga nyaya za umeme, lakini haiwezi kuushika mkono wake unapokosea.

Ndugu msomaji, Uislamu ulitangulia katika hekima hii. Qur'ani Tukufu haikuteremshwa kwa mkupuo mmoja. Makafiri walipohoji jambo hilo, Mwenyezi Mungu akabainisha katika Suratul Furqan, aya ya 32, kwamba imekuja kwa utaratibu huo ili kuuimarisha moyo wa Mtume (SAW). Wahyi uliendelea kwa takriban miaka 23. Elimu inayokusudiwa kukaa moyoni huja kwa kiasi, ikafuatiwa na utendaji, ndipo ikaongezwa nyingine.

Imam Bukhari amepokea habari za Malik bin Huwayrith (RA), aliyekwenda kwa Mtume (SAW) pamoja na vijana wenzake, wakakaa naye nyusiku ishirini. Mtume (SAW) alipohisi kwamba wamewatamani watu wao, aliwaruhusu warudi, akawaagiza wawafundishe jamaa zao, na wasali kama walivyomwona yeye akisali. Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, walijifunza kwa kuona, si kwa kusikia peke yake. Pili, mwalimu alijali hali ya wanafunzi wake na familia walizoziacha.

Tena iko habari mashuhuri ya mtu aliyeingia msikitini akasali kwa haraka. Mtume (SAW) alimrudisha akasali upya mara tatu, mpaka mwenyewe akakiri kuwa hajui zaidi ya hayo na akaomba afundishwe. Ndipo akaelezwa hatua kwa hatua. Huo ndio mtihani wa kweli: mwalimu anautazama utendaji, anaonyesha kosa, kisha anaelekeza. Maswali ya kuchagua jibu kwenye kioo cha simu hayawezi kushika nafasi hiyo.

Jambo hili limekuwa zito zaidi katika zama hizi za akili mnemba, ambapo programu ya kompyuta inaweza kumjibia mtu mtihani mzima kwa dakika chache. Wako pia wanaowapa wenzao nywila zao ili wawafanyie masomo. Mtume (SAW) alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya lundo na kukuta unyevunyevu chini ya nafaka kavu, akakemea vikali na kusema kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Mkulima wa Mbozi anaielewa habari hii bila tafsiri. Basi cheti cha udanganyifu ni nafaka kavu iliyowekwa juu ya mbichi. Fundi akikosea breki za lori linaloteremka mlima, au nyaya za umeme katika nyumba ya watu, unyevu ule utaonekana, na gharama yake huenda ikawa roho ya mtu asiye na hatia.

Hata hivyo, lawama yote isimwangukie mwanafunzi. Waajiri nao wana amana. Si uadilifu kumtaka mfanyakazi ajifunze usiku, kwa bando alilonunua mwenyewe, kisha kumhukumu kwa kutokumaliza. Kituo cha pamoja cha mpakani Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2019, ni ushahidi wa jinsi taratibu za kazi zinavyoweza kubadilika. Kila utaratibu mpya unamdai mwajiri muda wa mafunzo ndani ya saa za kazi. Na pale yanapopangwa siku ya Ijumaa, Waislamu waombe kwa adabu muda wa kuitikia wito wa sala, kisha warejee kutafuta fadhila za Mola wao, kama ilivyoelekezwa katika Suratul Jumua.

Kwa familia zetu, njia hii ni neema isiyofaa kupuuzwa, hususan kwa akina mama na mabinti ambao ulezi na umbali vimewazuia kusoma. Imam Ghazali alizihesabu fani zinazohitajiwa na jamii, kama vile utabibu na kilimo, kuwa faradhi ya kutoshelezana. Kabla ya kulipa ada, basi, mzazi na aulize: nani anakitambua cheti hiki? Vitendo vitafanyika wapi? Nani atamtazama mwanangu akifanya kazi na kumsahihisha? Asipopata jibu, amtafutie pia fundi mwadilifu wa jirani, ili anachokisoma kwa simu usiku akakifanye kwa mikono asubuhi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa waaminifu katika kuitafuta na katika kuitumia. Amin. Wabillahi tawfiq.