Nyumba na Jamaa: Dari au Makala?



Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi katika nchi ya Lualaba. Mji wa Kolwezi umejengwa mahali pa juu, karibu meta 1,450 kupita usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi hakuna wingu la kuifunika nchi. Joto la mchana lapanda na kupotea. Alfajiri mtoto aamka akitetemeka, na matone ya maji yaanguka kutoka batini hata juu ya blanketi. Kisha zaja Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kukolea, na bati lile lile lawaka kama chuma cha mhunzi. Basi leo tuulize: mwenye nyumba yampasa kulipa nini ili nyumba yake isiwe baridi mno wala moto mno?

Zamani baba wa jamaa hakuwa na swali hilo. Union Minière, iliyoanzisha mji wa Kolwezi mwaka 1937, iliwajengea watumishi wake nyumba za matofali, na baadaye Gécamines ikashika kazi hiyo. Siku hizo zimepita. Katika miaka ya 1990 kampuni ilidhoofika sana, na tangu mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Leo, katika Manika na Dilala, mwenye nyumba ndiye kampuni, ndiye fundi, ndiye mshika fedha.

Tutazame kwanza sababu. Bati ni jembamba, lapitisha joto upesi, ndani na nje. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia, kama ile iliyofungwa katika nyuzi za blanketi. Kwa hiyo dari ni blanketi la nyumba: hewa iliyo kati yake na bati huzuia jua la mchana lisitushukie, na joto la jioni lisitukimbie.

Sasa tufanye hesabu. Hatuandiki bei hapa, kwa maana bei ya Jumatatu sokoni si bei ya Jumamosi, na franga hupanda na kushuka mbele ya dola. Lakini vipimo havibadiliki. Chumba cha meta 3 kwa meta 4 chataka dari ya meta 12 za mraba. Ubao mmoja wa tripleksi una meta 2.44 kwa 1.22, yaani karibu meta 3 za mraba. Mbao nne zingekaribia kutosha. Nunueni tano, kwa sababu ya kukata na kuunga. Ongezeni miti ya kushikilia, misumari na ujira wa fundi. Andikeni jumla katika daftari.

Katika ukurasa wa pili andikeni magunia ya makala mnayochoma kwa kuota moto tu, si kwa kupika, tangu Mei hata Agosti. Zidisheni kwa miaka mitano, kisha mlinganishe kurasa mbili hizo. Fedha ya dari hututisha kwa kuwa yatoka siku moja. Fedha ya makala haituumi kwa kuwa yatoka kidogo kidogo, nayo haina mwisho. Tena kila gunia ni miti iliyoanguka porini.

Asiyeweza kutengeneza nyumba nzima aanze na chumba cha watoto. Asiyeweza kununua tripleksi atumie mikeka, au magunia safi yaliyoshonwa pamoja na kupakwa chokaa. Lakini mshumaa na moto vikae mbali. Lile povu jeupe jepesi linalofungiwa mashine mpya huzuia baridi vizuri, lakini hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Lisiachwe wazi ndani ya chumba. Kupaka bati chokaa nyeupe mwezi wa Agosti ni kazi ya gharama ndogo, nayo hupunguza ukali wa jua la Septemba. Mvua itaiosha, nanyi mtaipaka tena mwaka ujao.

Kwa wenye nyumba za zamani tunaongeza onyo. Mabati ya simenti ya miaka ile huenda yana amianti. Msiyakate kwa msumeno, wala msiyavunje, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya amianti imekatazwa tangu mwaka 2005.

Sasa twafika kwenye jambo kubwa kuliko fedha. Jamaa wengi, baridi ikizidi, huingiza mbabula ya makala chumbani, hufunga mlango, huziba kila ufa kwa nguo, kisha hulala. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala haisikii. Hupata kichwa kizito, kisha nguvu zamwishia, na asubuhi haamki. Moshi usipoonekana msidhani hakuna hatari. Kadiri nyumba inavyozibwa vizuri, ndivyo mbabula inavyozidi kuua.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, zibeni nyufa za kutani na chini ya mlango zinazoingiza upepo. Lakini acheni matundu ya juu karibu na dari, ili nyumba ipumue. Otea moto nje au jikoni palipo wazi, na mbabula ikae nje kabla ya mtu yeyote kulala, hata kama makala yaonekana yamekufa.

Baba na mama, kaeni pamoja jioni moja na daftari lile. Wekeni akiba ya ubao mmoja kila mwezi. Mkianza sasa, kabla ya baridi ya mwaka ujao chumba cha watoto kitakuwa na dari, nao watalala na joto lisilohitaji makala.